Jumba Lenye Mwenyewe Ndani: Kuingia Sri Dalada Maligawa kwa Adabu

Kabla hujafika Kandy, mji wa Sri Lanka, jifunze neno moja: maligawa. Kwa Kisinhala, lugha ya Wasri Lanka walio wengi, hekalu la kawaida la Wabuddha huitwa vihara au pansala. Maligawa ni jumba la mfalme. Dalada ni jino la Buddha, na Sri ni neno la heshima linalotangulia jina. Kwa hiyo wenyeji wanapotaja Sri Dalada Maligawa wanataja jumba ambamo Jino linakaa, kama mfalme akaavyo kwake.

Wageni wengi hulisoma jina hilo kwenye tiketi wakalipita. Kwangu mimi ndilo linalofungua mengine yote. Mavazi, viatu, foleni, maua, picha: kila sharti utakalokutana nalo linatokana na imani kwamba mwenye nyumba yumo ndani. Alfajiri anapigiwa ngoma na kuletewa maji ya kunawa. Asubuhi anaandaliwa wali na mboga. Jioni anapewa kinywaji, kisha milango inafungwa. Watumishi wake wako kazini kila siku, mvua inyeshe au jua liwake, na msafiri anaruhusiwa kupita katikati ya kazi hiyo. Ukishalielewa hilo, hutahitaji kukariri orodha ya makatazo. Utajiuliza tu jambo lile ambalo mgeni yeyote mwenye malezi hujiuliza akiwa sebuleni kwa mtu.

Masimulizi ya Wabuddha yanasema jino hilo, chonge la kushoto, liliokolewa kwenye majivu baada ya mwili wa Buddha kuchomwa moto Kushinagara, kaskazini mwa India. Lilitunzwa Kalinga, upande wa mashariki wa nchi hiyo, hadi karne ya 4, ambapo binti mfalme Hemamala na mumewe Dantha walilivusha bahari likiwa limefichwa ndani ya nywele za binti huyo. Tangu lilipotua Sri Lanka limehama pamoja na wafalme: Anuradhapura, Polonnaruwa, Dambadeniya, Yapahuwa, Kotte, na hatimaye Kandy, mji ambao wenyeji huuita Mahanuwara, enzi za Vimaladharmasuriya wa Kwanza aliyetawala kuanzia 1592 hadi 1604. Halikuhamishwa kwa usalama tu. Aliyekuwa na Jino ndiye aliyehesabiwa kuwa na haki ya kutawala kisiwa, na waliolisujudia waliamini kwamba lilileta mvua.

Jengo la sasa lina msingi wake katika karne ya 18, wakati wa Vira Narendra Sinha, na waliomfuata wakaongeza. Ule mnara wa pembe nane unaoonekana kwenye kila picha ya Kandy, Pattirippuwa, ni wa Sri Vikrama Rajasinha, mfalme wa mwisho, ambaye pia alichimbisha ziwa lililo mbele yake mwaka 1807. Miaka 8 baadaye Waingereza waliutwaa ufalme wake. Jino halikwenda nao. Hadi leo funguo za chumba cha ndani ziko kwa watu watatu: wakuu wa matawi mawili ya watawa, Malwatta na Asgiriya, na msimamizi asiye mtawa aitwaye Diyawadana Nilame. Mwaka 1988 UNESCO iliuingiza mji huu mtakatifu katika Urithi wa Dunia, lakini kwa mwanamke mzee aliyevaa nguo nyeupe anayepanda ngazi na sahani ya maua, cheo hicho hakikuongeza kitu.

Saa ya kufika

Huduma kwa Jino inaitwa thevava, nayo hufanyika mara 3 kwa siku: saa 11:30 alfajiri, saa 3:30 asubuhi na saa 12:30 jioni. Kwenye ubao utaona 5.30, 9.30 na 18.30, maana huko saa zinahesabiwa kuanzia usiku wa manane, na msafiri aliyezoea saa za Kiswahili asipoangalia atafika mlango ukiwa umefungwa. Saa hizo ni za ngoma kuanza. Ukifika saa 3:30 kamili utajikuta mwisho wa foleni inayozunguka ukumbi wa juu, na kuna uwezekano dirisha likafungwa hujalifikia. Jipe dakika 45, na siku za watu wengi jipe saa nzima.

Ukiniuliza nitakuambia uende alfajiri. Kandy iko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, hewa ya wakati ule ni ya ubaridi wa kupendeza, na sakafu ya mawe haijapata jua. Wanaokuja ni watu wa mji wanaopita kusali kabla ya kazi, wengi kimya. Thevava ya asubuhi ndiyo inayojaa makundi ya watalii waliotoka Colombo kwa basi, kwa sababu ndiyo pekee inayoingia vizuri katika ratiba ya safari ya siku moja. Kutoka Colombo ni takriban kilomita 115, na safari ya treni huchukua muda wa karibu saa 3, kwa hiyo anayetaka alfajiri lazima alale Kandy. Naona inastahili.

Jambo moja linalowachanganya wengi: jioni hakuna chakula kinachopelekwa ndani. Buddha alikuwa mtawa, na watawa wa Theravada, tawi la Ubuddha linalofuatwa Sri Lanka, hawali baada ya saa 6 mchana. Kwa hiyo jioni Jino hupewa gilanpasa, vinywaji tu. Waongozaji wa haraka haraka huwaambia wageni kwamba ibada zote tatu ni sawa. Nje zinafanana kweli, ngoma ni zilezile. Kinachobebwa kwenda ndani ndicho tofauti, na tofauti hiyo inakuonyesha jinsi watu hawa walivyo makini katika kumhudumia mwenyewe kama alivyoishi.

Nguo na miguu

Sharti linalotajwa ni mabega na magoti kufunikwa, kwa mwanamume na mwanamke sawasawa. Hilo ni la chini kabisa. Vazi linalofaa ni shati au blauzi yenye mikono na suruali pana au sketi ndefu, nyeupe ikiwezekana, maana nyeupe ndiyo rangi ya muumini anayekwenda kusali. Nyeusi haikukatazwa, ila utaonekana. Walinzi wa langoni hukataa kaptura, fulana zisizo na mikono, taiti peke yake, na vitambaa vinavyoonyesha mwili. Wanaume ndio wanaorudishwa zaidi kuliko wanavyotarajia, kwa sababu hudhani kaptura inayogusa goti inatosha. Ukikaa chini inapanda.

Shali ya kutupia mabegani inaweza kukupitisha langoni, lakini itakuangusha ndani. Mikono yako miwili itakuwa imeshika maua, watu watakuwa wanakusukuma nyuma na mbele, shali itateleza, na hutakuwa na mkono wa kuirudisha. Vivyo hivyo saruni ya kukodi unayojifunga haraka pale nje: hulegea kwenye ngazi. Njoo na yako, ifunge nyumbani kwa utulivu, na utie pini. Kofia huvuliwa, miavuli hufungwa. Nguo yenye picha ya Buddha usiivae hata kwa mapenzi mema. Mwenye mchoro wa Buddha uliotiwa ngozini aufunike tangu anaposhuka uwanja wa ndege. Nitaeleza sababu huko mbele.

Viatu huachwa nje, kwenye vibanda vya kutunzia. Utapewa kibao chenye namba; kitie mfuko wa ndani, usikichanganye na sarafu. Malipo kidogo au bakshishi ni kawaida, kwa hiyo uwe na noti ndogo za rupia. Kisha unakwenda peku. Saa 6 mchana mawe ya uwanjani huunguza nyayo kiasi cha kumfanya mtu mzima arukeruke, na soksi hazikatazwi, basi vaa nyeupe safi. Kukiwa na mvua fanya kinyume chake: soksi zilizolowa kwenye jiwe lililosuguliwa na miguu ya miaka 200 ni hatari kuliko utelezi wowote, zivue.

Langoni kuna ukaguzi, foleni ya wanaume na ya wanawake mbalimbali, na mkoba mkubwa utakuchelewesha. Kuna wageni hukasirika wakipapaswa. Tarehe 25 Januari 1998 lori lililojaa mabomu lililipuliwa mbele ya lango hili na wapiganaji wa LTTE, kundi la Watamil lililopigania kujitenga, siku 10 kabla ya sherehe za miaka 50 ya uhuru. Watu waliuawa, paa likaporomoka, michoro ya kuta ikapasuka, na ukarabati ukachukua muda na michango ya watu wengi. Anayekukagua anafanya kazi akiwa na siku ile kichwani. Mpe mkoba wako ukiwa wazi, mshukuru, pita.

Maua

Nje ya uzio wachuuzi wanauza maua, na hapa ningetaka ukae kidogo, kwa sababu hii ndiyo sehemu ya ziara ambayo mgeni asiye Mbuddha anaweza kushiriki bila kujifanya. Utaona nelum, yungiyungi kubwa la waridi au jeupe; utaona manel, yungiyungi la rangi ya samawati ambalo ni ua la taifa; na araliya, ua jeupe lenye moyo wa njano linalonukia mbali. Yanauzwa kwenye sahani nyepesi au yakiwa yamefungwa kwa jani. Usinunue mengi. Sahani moja ndogo inatosha watu wawili.

Ukishayapokea, usiyanuse. Mkono wa mgeni huinuka wenyewe kuelekea puani, na mwuzaji akiona atashtuka hata kama hatasema. Harufu ni sehemu ya sadaka, na ukiivuta wewe kwanza umempa mwenye nyumba kilichokwisha kutumika. Kwa sababu hiyohiyo maua hayawekwi sakafuni, hayabebwi yakining'inia kando ya mguu, na sahani haishikwi kwa mkono mmoja huku mwingine unaandika ujumbe kwenye simu. Ishike kwa mikono miwili, usawa wa kifua. Watu hunyunyizia maua maji kidogo kabla ya kupanda nayo, nawe unaweza kufanya hivyo.

Kwenye foleni jirani anaweza kunyoosha mkono akagusa sahani yako. Haichukui. Anashiriki sadaka, na thawabu yake, ambayo Wasinhala huiita pin, haipungui ikigawanywa. Mwachie aguse. Ukifika kwenye meza ndefu ya ukumbi wa juu, laza maua taratibu, vichwa vikielekea chumba cha Jino. Usiyarushe juu ya mabega ya watu, hata kama umebanwa. Mpe aliye mbele naye atayafikisha. Utasikia watu wakinong'ona ubeti wa Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Wabuddha. Maana yake ni kwamba ninatoa ua hili lenye rangi na harufu, na kama linavyonyauka, ndivyo mwili wangu unavyokwenda kwenye uharibifu. Ndiyo maana hakuna anayesikitika saa chache baadaye meza ikifagiliwa na lundo zima kuondolewa ili mengine yapate nafasi.

Ngoma, foleni, dirisha

Baada ya kuvuka handaki la maji na lango kuu, unapita njia fupi iliyofunikwa, yenye michoro, na kutokea uwanja wa ndani. Mbele yako ni nyumba ya ghorofa ya mbao iliyochongwa, na paa lake limejengewa paa jingine juu. Hiyo ndiyo nyumba yenyewe ya Jino. Chini yake wapigaji husimama na ngoma za davula, tammettama na gata bera, pamoja na zumari lenye sauti kali liitwalo horanewa. Kupiga hapa ni wajibu unaorithiwa katika koo.

Watu hukosea sana hapa, na si kwa ubaya. Ngoma zikianza, wageni hukimbilia mbele na simu, wakasimama kati ya wapigaji na mlango. Wanaona onyesho. Lakini ile sauti ni sadaka kama maua yalivyo sadaka, inapelekwa kwa Jino, na aliyesimama katikati amesimama njiani. Kaa pembeni au nyuma ya wapigaji. Usipige makofi wakimaliza. Hawakupiga kwa ajili yako. Mtoto mdogo mweke mbali kidogo, kwani zumari na davula katika ukumbi wa mawe vinatisha masikio machanga.

Foleni ya juu ndiyo yenye msongamano. Mlango wa chumba unapofunguliwa, kilicho ndani hakiguswi wala hakisogelewi: unapita mbele ya dirisha, na una sekunde chache. Utakachoona ni kasha la dhahabu lenye umbo la stupa, yaani kuba lenye ncha ndefu, lililovikwa vito. Ndani yake mna makasha mengine, yote 7, moja ndani ya jingine, na Jino liko katika la ndani kabisa. Anayekuahidi kwamba utaliona jino lenyewe anakudanganya. Maonyesho ya hadhara hutokea kwa nadra: la Aprili 2025 lilidumu siku 10 na lilikuwa la kwanza baada ya miaka 16, na watu walipanga foleni mchana na usiku.

Sekunde hizo chache huharibiwa na simu. Mtu anaifungua, kamera inachelewa, anajaribu tena, mlinzi anamgusa bega, foleni nzima inakwama, na bibi aliyetoka kijijini kwa basi la usiku anapitishwa bila kuona kitu. Iache mfukoni. Unganisha viganja mbele ya kifua, tazama, inamisha kichwa kama moyo unakuruhusu, sogea. Hakuna anayekulazimisha kuinama, na hakuna anayependa kuona mtu akiinama kwa kuigiza.

Ukishapita, unaweza kukaa sakafuni kando ya ukuta. Kunja miguu upande mmoja au ikalie. Usiinyooshe kuelekea chumba cha Jino, wala sanamu, wala mtawa. Ukitaka kuondoka pita nyuma ya waliokaa. Kama hakuna njia ila mbele yao, inama ukipita upesi. Na sauti iwe chini. Waongozaji wa makundi ndio wanaozungumza kwa nguvu kuliko wote. Ukimkodi mmoja, mwombe mapema akueleze historia nje, chini ya miti, ndani akuache.

Picha, mgongo na sheria

Picha zinaruhusiwa sehemu nyingi za jumba, bila mwanga wa flashi, isipokuwa palipoandikwa vinginevyo au mlinzi anapokataza. Katazo lisilojadiliwa ni la mgongo. Usisimame ukimpa mgongo Buddha ili upigwe picha naye, na selfi ni hivyohivyo kwa maumbile yake: huwezi kujipiga na kitu bila kukigeuzia kisogo. Piga sanamu peke yake, ukiitazama. Ukitaka kuwemo, simama ubavuni, mbali kidogo, uso ukiielekea. Usiiguse, usikalie kiti chake, usiige mkao wake. Na waumini wanaosali usiwapige uso kwa uso bila ruhusa.

Sri Lanka ina sheria juu ya hili. Kifungu cha 9 cha katiba kinaupa Ubuddha nafasi ya kwanza, na Kanuni ya Adhabu inaadhibu tendo la kudhalilisha kitu kitakatifu cha dini yoyote. Agosti 2012 mahakama ya Galle iliwahukumu Wafaransa watatu kifungo cha miezi 6, kilichoahirishwa kwa miaka 5, kwa sababu ya picha zilizowaonyesha wakijifanya wanambusu Buddha. Mwaka 2014 mtalii wa Uingereza alikamatwa uwanja wa ndege wa Colombo kwa mchoro wa Buddha mkononi mwake, akafukuzwa nchini. Mwaka 2017 mahakama ya juu kabisa ya Sri Lanka iliamua kwamba haki zake zilikiukwa, akalipwa fidia. Mwenyewe alikuwa amejichora kwa kuipenda dini ile. Nayataja mambo haya mawili pamoja kwa makusudi: la kwanza ni utovu wa adabu, la pili halikuwa hivyo, lakini askari wa uwanja wa ndege hakuona tofauti, na usiku ule ulikuwa mrefu kwa mtalii huyo vilevile.

Watawa, na pesa

Mtawa hasalimiwi kwa mkono. Unganisha viganja, inua hadi usoni, inamisha kichwa. Salamu ya watu wote, ayubowan, maana yake uishi maisha marefu, hupeanwa kati ya walei. Mtawa huitwa hamuduruwane, na hata asipokurudishia salamu kwa namna yako hajakudharau, kwani kwa desturi mtawa hamwinamii mlei. Mwanamke asimguse, wala asikae bega kwa bega naye. Ukitaka kumpa kitu, kiweke mezani au mpe kwa mikono miwili bila vidole kukutana. Akikaa, kaa chini zaidi yake. Wala usimpige picha akila au akitembea kana kwamba ni sehemu ya mandhari.

Wageni wanalipa kiingilio, Wasri Lanka wanaingia bure. Sioni dhuluma hapo: wao wanatunza nyumba kwa sadaka mwaka mzima. Nunua tiketi dirishani tu. Dereva wa bajaji au mtu mwenye tabasamu pembeni ya ziwa atakayekuambia leo jumba limefungwa, au kuna sherehe ya pekee mahali pengine, anakutafutia duka la vito. Ukitaka kuchangia, weka kwenye sanduku lenye kufuli. Ukiletewa daftari lenye majina ya wageni na kiasi kikubwa kikubwa, kumbuka kuongeza sifuri kwa kalamu ni kazi ndogo. Aliyevaa joho la mtawa akakufuata barabarani kuomba pesa hafuati njia ya watawa. Kataa kwa upole, viganja vikiwa vimeunganishwa, endelea na safari.

Sehemu nyingine za uwanja ziharakishe usipokuwa na muda, ila mbili usiziruke. Alut Maligawa, ukumbi mpya nyuma ya nyumba ya Jino, una michoro 21 inayosimulia safari yote kutoka majivuni hadi Kandy. Anza nayo kabla ya foleni na kila utakachokiona juu kitakuwa na maana. Nje, upande wa pili, Natha Devale, hekalu la mungu Natha, ni ya karne ya 14, kongwe kuliko jumba lenyewe, na hapo utawaona Wabuddha haohao wakimwomba mungu mlinzi. Ukizunguka stupa au mti wa bodhi, mti wa aina ile ambayo Buddha alipata mwanga chini yake, zunguka mkono wako wa kulia ukiwa upande wake.

Siku zenye mambo yake

Kila mwezi ukipevuka ni Poya, sikukuu ya kitaifa. Pombe haiuzwi nchini siku hiyo, na jumba linajaa familia zilizovaa nyeupe, wengine wakishika kanuni 8 tangu alfajiri hadi usiku. Ni siku nzuri ya kuona imani, na mbaya ya kuchunguza nakshi za mbao. Vesak, Poya ya mwezi Mei, ni kubwa zaidi. Jumatano kuna Nanumura Mangallaya, ibada ya kuliogesha Jino kwa ishara, kwa maji ya dawa za mitishamba na maua yenye harufu. Maji hayo hugawiwa watu, nao huyachukua kwa ajili ya wagonjwa wao. Ukipewa, pokea kwa viganja vyote viwili na usiyamwage mbele yao. Kama huyahitaji, mpe aliye nyuma yako. Yupo atakayefurahi.

Mwezi Julai au Agosti kuna Esala Perahera, usiku 10 wa maandamano ya wacheza ngoma, wabeba mienge na tembo, na ndovu mkuu hubeba kasha mgongoni huku akitandikiwa kitambaa cheupe asikanyage ardhi tupu. Ndovu aitwaye Raja alifanya kazi hiyo kwa miongo zaidi ya mitatu hadi alipokufa mwaka 1988. Mwili wake umehifadhiwa katika jumba dogo la makumbusho ndani ya uwanja. Ukienda Perahera, nunua nafasi ya kukaa mapema kwa muuzaji aliye na duka, fika kabla ya barabara kufungwa, na usimulike tembo kwa flashi. Mnyama aliyezungukwa na mienge na umati ana mzigo wa kutosha, na mbele yake kuna watu wanaotembea.

Ukichagua thevava ya jioni, ingia kabla ya saa 12. Baada ya vinywaji kupelekwa ndani ngoma zinanyamaza kwa ghafla, na ukumbi unabaki na sauti ya nyayo tu. Jumba linafungwa saa 2 usiku, lakini vibanda vya viatu huanza kupunguza watu mapema, basi usiukawie sana uwanja wenye taa. Shuka ngazi taratibu, kibao chako mkononi, na viatu uvivae ukishatoka nje ya mstari wa kibanda.